Bomba Mgongoni mwa Mwenzetu

(Mhadhara juu ya kuondoa magugu mahali pa kazi, uliosomwa Tanga mbele ya wasimamizi wa mashamba, walimu wakuu na watunza viwanja)

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa wasimamizi wa mashamba, walimu wakuu, mabibi na mabwana mnaotunza viwanja vya hospitali, vya maghala na vya njia ya reli, na ninyi ndugu zangu mliokaa safu za nyuma, ambao kwa kuitazama mikono yenu natambua kuwa ndinyi wenyewe hasa wa jambo hili: masika yamekaribia, na kila mmoja wenu ana shughuli zinazomngoja.

Kusudi la mhadhara huu ni moja, nami nalitaja tangu mwanzo ili msikilizaji asipate taabu ya kulitafuta. Nataka kuonyesha ya kwamba magugu yaotayo mahali pa kazi, yawe ya shamba la mkonge au ya uwanja wa skuli, ni jambo la amana kabla ya kuwa jambo la nyasi. Kwa maana yule aamuruye gugu life aghalabu siye abebaye bomba mgongoni, na umbali ulio baina ya kauli ya huyu na mgongo wa yule ndio njia ipitayo hatari yote nitakayoieleza.

Niruhusuni nianze na taksiri yangu mwenyewe. Katika ujana wangu nilikuwa karani wa shamba moja la mkonge, na kazi yangu ya kila alfajiri ilikuwa kuwagawia vibarua dawa ya magugu. Siku moja kibarua mmoja, mtu wa makamo niliyemwita baba kwa heshima ya umri wake, aliniambia kwamba bomba lake lavuja mfunikoni. Nikamjibu kuwa fundi atalitazama jioni, kwani ekari za siku ile zilikwisha kupangwa na bomba jingine hapakuwa nalo. Akalibeba. Alipovua shati mchana, ngozi yake toka mabegani hata kiunoni ilikuwa imebabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alikaa siku 14 bila ya kufanya kazi wala kupata ujira, kwa kuwa katika daftari langu mlikuwa na safu ya lita, na safu ya ekari, na safu ya malipo, lakini hamkuwa na safu ya kumwandika mtu aliyeumizwa na dawa niliyompa mimi. Nimezeeka na daftari lile kifuani, nalo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba yampasa mtu alijue gugu kwa jina na kwa tabia yake kabla ya kulitafutia dawa.

Chukueni mathalan ndago, ambayo kila aliyeshika jembe katika pwani hii anaifahamu. Juu ya ardhi ni jani jembamba tu, lakini chini yake mna vijiazi vilivyoungana kwa nyuzi, kijiazi hiki kikishikana na kile, na jembe likipita na kuzikata nyuzi zile kila kijiazi huzinduka na kuchipua peke yake, hata yule aliyelima mara moja akaondoka huwa ameizidisha ndago wala hakuipunguza. Wataalamu waliotunga kitabu cha magugu mabaya ya dunia mwaka 1977 waliiweka ndago mbele ya magugu yote. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa: haivumilii kivuli. Ndiyo sababu katika mashamba ya mkonge wazee wetu walipanda mimea itambaayo ya jamii ya kunde baina ya mistari, ikafunika ardhi kama jamvi, na ndago ikadhoofika kwa kukosa jua. Mtu asiyeijua tabia hii atanunua dawa mwaka hata mwaka.

Gugu karoti nalo ni kisa kingine. Asili yake ni pande za Mexico, huko huko ulikotoka mkonge, ambao Dakta Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, vikafika vichipukizi 62 tu vilivyo hai kati ya 1,000 vilivyoagizwa. Mgeni yule tuliyemwalika tukampa mashamba. Huyu aliyekuja bila ya kualikwa amekwisha kuenea Arusha na sehemu nyingi za Kenya, kwenye kingo za barabara na viwanja vitupu. Jani lake lafanana na la karoti, ua lake ni jeupe dogo, na mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ubaya wake mkubwa kwetu ni kwamba huwasha ngozi ya amgusaye mara kwa mara, na vumbi la maua yake huwabana pumzi wenye kifua. Gugu la namna hii hung'olewa kabla halijatoa maua, kwa mikono iliyovikwa glavu. Hapa nawageukia walimu wakuu, nanyi msinichukie: mwanafunzi aliyechelewa akipewa adhabu ya kung'oa magugu ya uwanja kwa mikono mitupu, na hakuna aliyetazama kwanza ni magugu gani, skuli imemwadhibu kwa jambo isilolijua yenyewe. Ama dawa ya magugu, mwanafunzi asiiguse kabisa, wala asitumwe kuteka maji ya kuichanganyia.

Kuna na gugu linaloua kwa njia ya chakula. Mbegu za mnanaha zikichanganyika na nafaka huipitishia sumu yake, na huko Karamoja, nchini Uganda, mwaka 2019, unga wa msaada ulioingiwa na sumu ya mimea ya jamii hiyo uliwaua watu 5 na kuwafanya mamia waugue. Mwenye ghala au kinu asidhani basi kuwa magugu ni shauri la mkulima peke yake.

Na sasa upande wa pili wa hoja hii hii, ambao kwa dhamiri yangu ni mzito zaidi. Gugu la mmoja ni mboga ya mwingine. Mchicha, mgagani, mnavu na mchunga huota kando ya nyua za viwanda vyetu na karibu na reli, na akina mama wa mitaa ya jirani hupita asubuhi wakichuma. Mtunza uwanja aliyepulizia dawa usiku wa kuamkia siku hiyo anaona magugu; mama aliyeinama penye ua anaona kitoweo cha watoto, na jani lililopuliziwa jana bado ni la kijani wala halina alama yoyote. Hapana budi basi kuweka kibao, na kibao kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, na mtu aende akawaambie kwa mdomo wale ambao kibao hakitawafaa.

Hoja ya pili: dawa iwe mwisho wa shauri, isiwe mwanzo wake.

Njia nyingine zipo, nazo ni za zamani na ni thabiti. Lipo jembe, lipo fyekeo, upo mkono, yapo matandazo ya nyasi kavu na ya makumbi ya nazi, na kuna kumwaga kokoto mahali pasipotakiwa mmea wowote. Penye mashine ya kukatia nyasi, watu wengine wakae mbali mita 15 au zaidi, kwani jiwe linalorushwa na kisu chake laweza kumpofua mpita njia. Na aishikaye avae miwani na viatu vigumu.

Mfano bora wa subira niujuao ni wa gugu maji katika Ziwa Victoria. Gugu lile lilionekana ziwani karibu na mwaka 1990, na katika muda wa miaka michache likaziba bandari, likawafungia wavuvi mialo yao, na likazisumbua mashine za umeme kule Jinja. Watu wengi walitaka lipuliziwe sumu upesi. Lakini maji yale watu huyanywa, na samaki wake huliwa. Wakaletwa fukusi wadogo wa jamii ya Neochetina, ambao chakula chao ni gugu maji, wakafugwa na kuachiliwa ziwani, na kabla ya karne kwisha sehemu kubwa ya zulia lile ilikuwa imezama. Gugu maji halijaisha hata leo, nalo hurudi kwa misimu, lakini nchi tatu zilizo kando ya ziwa hilo zilionyesha kuwa mahali pa kazi papana kama ziwa pangeweza kutunzwa bila ya kumtilia sumu mtu katika mtungi wake.

Naonya pia juu ya vitu ambavyo watu huvidhania kuwa si dawa. Oili chafu ya gereji ikimwagwa juu ya nyasi huziua kweli, kisha hukaa katika udongo na kuteremka visimani. Chumvi huiharibu ardhi kwa miaka na kuzila nondo za msingi. Na moto karibu na ghala la katani, naamini sihitaji kuueleza katika mji huu.

Hoja ya tatu ni kwamba ikilazimu kutumia dawa, aitumiaye apewe elimu yake yote, mema yake na mabaya yake.

Dawa za magugu haziko namna moja. Ile iitwayo 2,4-D, iliyojulikana tangu miaka ya 1940, huua majani mapana na kuyaacha ya jamii ya nyasi, na ikipeperushwa kidogo tu huipotoa nyanya na pamba ya jirani. Glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huingia kwa jani ikashuka hata mzizini, na kwa hiyo kazi yake huonekana baada ya juma moja au mawili. Wengi hawalijui hili. Wakiona siku ya tatu nyasi zingali mbichi huongeza kipimo na kupulizia tena. Wengine hufyeka kwanza kisha wakapulizia mashina, hali dawa haina jani la kupitia.

Parakwati ni jambo jingine kabisa. Hiyo huunguza jani katika jua la siku moja, na wepesi huo ndio uliowapendeza watu. Lakini funda moja la dawa hiyo ambayo haijachanganywa na maji latosha kumuua mtu mzima, polepole, kwa kuharibika mapafu, naye akiwa na akili zake timamu, na hadi leo hakuna dawa ya kuitengua. Katika Umoja wa Ulaya hairuhusiwi tangu 2007. Nasema kwa uchungu: aitiaye parakwati katika chupa ya soda ametega mtego wa mtoto. Dawa ikae katika chupa yake iliyotoka nayo kiwandani, ndani ya chumba chenye kufuli, mbali na chakula cha watu na cha mifugo.

Juu ya glaifoseti kuna mabishano ambayo insafu yanitaka niyaeleze kwa pande zote. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani kwa binadamu. Mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema kuwa haielekei. Mwaka 2018, huko San Francisco, Marekani, ilisikilizwa kesi ya mtunza viwanja vya skuli aitwaye Dewayne Johnson, aliyekuwa akipulizia dawa hiyo kwa ajira na akawahi kulowa nayo mwilini, aliyeishtaki kampuni ya Monsanto, watengenezaji wake, kwamba imemletea saratani bila ya kumwonya. Baraza la wazee wa mahakama likampa dola milioni 289, ambazo majaji baadaye walizipunguza hata zikawa milioni 20.5 mwaka 2020. Kampuni ilikana na yakana. Nami si hakimu wa elimu hiyo. Ila nawaombeni mtazame jambo moja ambalo pande zote haziligombei, nalo ni kwamba mtu yule hakuwa mkulima mwenye shamba. Alikuwa mtunza uwanja, kama ninyi mliokaa nyuma, akitumwa kazi ya mwajiri katika uwanja wa watoto.

Katika karatasi ya kila chupa kuna utepe wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani hakina maana ya maji. Na ikiwa mbeba bomba hasomi, basi asomewe, tena kabla chupa haijafunguliwa.

Hoja ya nne ni ya kipimo, na hapa nitakaa kitambo, kwani hasara nyingi huanza penye kifuniko cha chupa kilichogeuzwa kuwa kibaba.

Litwaeni bomba la lita 16, mtie maji matupu. Pimeni kiwanja cha mita 10 kwa 10. Yule yule atakayefanya kazi na akipulizie kwa mwendo wake wa desturi, bila ya kuharakishwa na mtu, kisha mpime maji yaliyopungua. Yakiwa lita 2, basi hekta moja, ambayo ni viwanja 100 kama hicho, itakunywa lita 200, yaani mabomba 12 na nusu. Ikiwa karatasi yaamuru lita 3 za dawa kwa hekta, gawanyeni mililita 3,000 kwa 12.5, mtapata mililita 240 kwa kila bomba, wala si vifuniko vitano wala kopo la maziwa. Mtu mwingine, mwenye hatua ndefu au mkono mwepesi, atapata hesabu nyingine, na kwa hiyo kila mbeba bomba apimwe peke yake.

Maji nayo yawe safi. Udongo huishika glaifoseti na kuiondolea nguvu, hata yule atekaye katika mtaro wenye tope huwa amenunua dawa akaitia kaburini. Na upepo mnaujua kuliko mimi: wakati wa kusi, baada ya adhuhuri, hapana kupulizia. Lakini wengi hawajui kuwa alfajiri iliyotulia kabisa, isiyotikisa hata jani la mnazi, nayo si salama, kwani matone madogo huelea hewani yasianguke, kisha yakaenda yasikotumwa. Saa njema ni ile jua likishapanda kidogo na pakawa na upepo mwepesi unaojulikana waelekea wapi.

Hoja ya tano ni ya mwili wa mbeba bomba, na wa walio nyumbani kwake.

Hatari kubwa haiko wakati wa kupulizia, iko wakati wa kuchanganya, pale dawa inapokuwa nzito bado. Na mlango wake wa kwanza ni mikono. Glavu ziwe za mpira mgumu, kwa kuwa glavu ya kitambaa ikishalowa huishika sumu juu ya ngozi mchana kutwa. Suruali ianguke nje ya viatu vya mpira, isiingizwe ndani yake, ili kinachotiririka kisijae mguuni. Wasimamizi wengi hulalamika kwamba wanawapa watu mavazi nao huyavua. Ndugu zangu, joto la Tanga saa saba mchana haliambiwi. Mkiwapa watu mavazi mazito, wapeni na saa za kuyavaa, kazi ianze mapema na ikome saa nne.

Pawe na maji na sabuni mahali pa kazi penyewe. Asile mtu, wala asivute sigara, wala asitafune tambuu kabla ya kunawa. Dawa ikiingia jichoni au ikimwagikia ngozi, ioshwe kwa maji safi yanayotiririka muda wa dakika 15, na mgonjwa apelekwe hospitali pamoja na chupa au karatasi yake, maana tabibu hatibu sumu asiyoijua. Maziwa si kinga wala si dawa yake, ijapokuwa mazoea ya kuwagawia watu maziwa yangaliko mahali pengi. Na zile nguo za kazi zikirudi nyumbani, nani azifuaye? Mkewe, au mamaye, au binti yake, mikono mitupu, katika beseni moja na nguo za mtoto. Mwajiri mwenye huruma huweka pipa la kufulia pale pale kazini.

Chupa tupu isuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba yakapuliziwe. Kisha itobolewe, ili isije ikanunuliwa gulioni ikatiwa mafuta ya taa au ya nazi.

Hoja ya sita ni fupi, kwa sababu iko wazi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya inayo ya mwaka 2007. Viuatilifu navyo vina mamlaka yake, yenye makao Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na dawa isiyosajiliwa isinunuliwe hata ikiwa rahisi namna gani. Lakini katika maandiko yote niliyosoma, lililonigusa kuliko yote limo katika Mkataba Namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001: kwamba mfanyakazi wa kilimo anayo haki ya kujitoa penye hatari iliyo karibu, asiadhibiwe kwa ajili hiyo. Laiti ningalilijua neno hili asubuhi ile ya bomba linalovuja. Yule mzee alikuja kuniambia, na kuniambia kwake kulikuwa ndiko kuitumia haki yake. Mimi ndiye niliyekuwa sina masikio.

Ninalowaomba msimu huu ni daftari jipya. Liwe na safu ya jina la gugu. Na ya njia iliyojaribiwa kabla ya dawa. Na ya dawa na kipimo chake. Na ya upepo wa siku hiyo. Na ya jina la aliyebeba bomba. Na ya mwisho iandikwe alirudi akiwa na hali gani, nayo ajazie yeye mwenyewe au aandikiwe kwa kauli yake. Mkilishika daftari hilo toka masika hata vuli, nitapenda kuliona, na naamini litatufundisha mengi ambayo mimi sikuyagusa leo.

Na kesho asubuhi, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako, nitakuwa nyuma ya ukumbi huu, penye kile kiwanja cha ndago. Nitakuja na kamba ya mita 10, na bomba moja lililojazwa maji matupu, kilo 16 mbali na uzito wa bomba lenyewe. Waheshimiwa wasimamizi na walimu wakuu, nawaombeni mje mlibebe ninyi kwanza, kila mmoja kiwanja kimoja, na hawa ndugu wa safu za nyuma watutazame, watuhesabie hatua, na watuambie mfuniko unavuja au hauvuji.